Barua ya Onyo Ndani ya Bahasha ya Tuzo

Karani wa takwimu wa kituo cha afya hakuamini tarakimu yoyote mpaka aione kwa macho yake. Kwa miaka ishirini na sita wauguzi walimpelekea taarifa za mwezi huku mioyo ikiwadunda, kwa kuwa namba ya kubuni aliinusa kama paka anavyonusa samaki. Lakini Ijumaa ile asubuhi, akifuta miwani kwa pembe ya shati na kuisoma tena fomu iliyokuwa mezani, alijisikia mwepesi kama kijana aliyemaliza mtihani.

Fomu ilikuwa ya kumpendekeza mtumishi apewe tuzo ya utumishi wa muda mrefu katika afya ya jamii. Aliyependekezwa ni mtunza chanjo, ambaye kituo kizima kilimwita Mama Baridi. Jina hilo halikutokana na tabia yake, ingawa wapo walioapa kwamba tabia nayo ilichangia. Lilitokana na jokofu la chanjo, ambalo alilipima joto asubuhi na jioni, siku za kazi na za mapumziko, na kuandika nyuzi kwenye kadi iliyobandikwa mlangoni pake. Masharti ya tuzo yalikuwa mawili: fomu ipokewe makao makuu kabla ya saa kumi alasiri siku hiyo hiyo, na anayependekezwa awe bado kazini. Mama Baridi alikuwa anastaafu Jumatatu. Fomu ikichelewa, basi tena.

Ilibaki sahihi yake tu. Karani alikuwa amemficha habari hiyo kwa wiki mbili nzima; sasa, ilipofika saa sita mchana, akamwendea na fomu mkononi.

"Hodi humu kwenye barafu!"

"Karibu, ila funga mlango, unaniingizia joto."

"Dada yangu, nina karatasi ya kutia sahihi. Kalamu hii hapa, usihangaike kutafuta."

Mama Baridi akamtazama juu ya miwani. "Karani, wewe unagawa kalamu? Leo kuna jambo."

Akaipokea, akaketi, akaanza kusoma mstari baada ya mstari, kidole kikitangulia jicho. Alipoelewa ni fomu ya nini, akaivuta karibu zaidi. Kidole kikaendelea, na kwenye mstari wa tisa kikasimama.

"'Hakukosa kupima joto la jokofu hata siku moja kwa miaka thelathini na mmoja.' Haya kakwambia nani?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi nikikuletea taarifa iliyoandikwa 'kila mtu anajua', si utanirudishia kabla sijavuka kizingiti?"

Karani akakohoa. Ukweli ni kwamba makasha ya kadi za zamani hakuyafungua. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikuwa ameandika jambo asilolihakiki, na alikuwa ameliandika kwa mapenzi tu.

Mama Baridi akapanda kigoda, akateremsha kasha la juu kabisa, akatoa kadi ya miaka kumi na minane iliyopita. Katikati ya safu za tarakimu palikuwa na visanduku viwili vitupu.

"Nilikuwa ng'ambo ya mto na chanjo za watoto, mvua ikachukua daraja. Niliporudi kesho yake, jokofu linasoma nyuzi tano, safi kabisa. Lakini mlinzi akaniambia umeme ulikatika, na hakujua ulikatika kwa saa ngapi. Bosi wa wakati huo akasema, 'Andika tano, maisha yaendelee.' Sikuandika. Chanjo zote nikazitenga, nikaagiza nyingine, nikawaambia kina mama warudi wiki ijayo. Walinisema mpaka masikio yakawaka moto! Na bosi akanipa hii."

Nyuma ya kadi ilikuwa imebanwa barua ya onyo kali, yenye muhuri, kwa kosa la ukaidi na upotevu wa dozi mia moja na arobaini.

"Kwa hiyo mimi hapo siwezi kutia sahihi," akasema. "Niondoke kazini kwa uongo, wiki yangu ya mwisho? Hapana, kaka."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mganga mkuu wa kituo, binti wa miaka thelathini na kitu, mkononi ana muhuri.

"Shikamooni wazee wangu. Dereva anaondoka saa saba kamili, na sasa ni saa sita na nusu. Iko wapi?"

Wakamweleza. Akacheka.

"Mama, siku moja tu! Mzee, futa hapo, andika 'kwa uaminifu mkubwa', mimi nigonge muhuri, tumalize."

"Hapana, Daktari," akasema Karani, na sauti yake ya kurudisha taarifa ikamrudia. "Mimi napokea kadi za vituo kumi na vinne, hiki chetu na vidogo vilivyo chini yake. Kadi isiyo na pengo hata moja ndiyo inayonikosesha usingizi. Watu wanaugua, madaraja yanakatika, lakini kadi zimejaa! Huyu peke yake aliliacha pengo wazi, akaadhibiwa kwa ajili yake. Nitaliandika hilo, na barua ya onyo itaambatanishwa."

"Unataka nigonge muhuri kwenye maombi ya tuzo yenye barua ya onyo ndani?"

"Gonga kwa nguvu, Daktari, usomeke."

Akaketi pale pale kando ya jokofu, akaandika mstari wa tisa upya, mkono ukikimbia bila mwandiko kuharibika. Mama Baridi akausoma mara mbili, akahakiki tarehe, akahakiki idadi ya dozi, kisha akatia sahihi. Dereva aliondoka saa saba na dakika nne, akilalamika. Saa tisa na nusu akapiga simu: imepokelewa.

Wiki saba baadaye simu ya ofisi ikalia. Karani alisikiliza, akaomba warudie, akaandika, akasoma alichoandika, akaomba warudie mara ya tatu. Ndipo akamtafuta Mama Baridi kwake, akamkuta uani anaanika nguo.

"Dada, umepata!"

Kibanio kikamponyoka. Akamshika Karani mabega, akamtikisa kama mti wa matunda, akacheka kicheko ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kazini. Majirani wakachungulia ukutani, na mmoja akapiga kigelegele kabla hajajua ni cha nini.

"Na hiyo tuzo inakuja na nini?" akauliza, akipangusa machozi kwa shuka mbichi.

"Cheti, ngao, na hotuba."

"Hotuba ya nani?"

"Yako. Dakika ishirini, mbele ya waziri."

Mama Baridi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Karani," akasema taratibu, "umeniua."