Bado Pasi Tu

Nimekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na sita na sijawahi kuharibu kitambaa cha mtu. Mkono wangu umenyooka. Kilichopinda ni ulimi.

Uongo wenyewe ni mdogo, na kila fundi anaujua. Mteja akija kuulizia nguo ambayo hata haijaguswa na mkasi, unamwambia, "Imekwisha, mama, bado pasi tu. Pita kesho." Nilipookoka, pombe niliiacha siku hiyohiyo na sigara baada ya mwezi. Uongo huu ukabaki. Kila jioni niliuungama, na kila asubuhi niliurudia kabla chai haijapoa. Nikagundua kwamba hata Mungu nilikuwa namwambia apite kesho.

Nikaenda kwa mchungaji. Ni kijana, rika la mwanangu wa mwisho, nami nilitegemea anisomee mistari ninayoijua kuliko yeye. Hakufungua kitabu. Alisema, "Mzee wangu, Mungu ameshasikia. Wale unaowadanganya ndio hawajasikia. Ukiteleza tena, mrudie mtu huyo siku hiyohiyo, umwambie ukweli."

Niliona ni jambo dogo. Mimi ni mtu niliyesoma masomo ya jioni nikiwa na watoto watatu, na cheti nikakipata. Nisingeshindwa na hilo.

Ijumaa asubuhi aliingia muuguzi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi.

"Shikamoo, fundi. Leo ni kesho ya ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sare yako imekwisha, bado—"

"Pasi!" alimalizia. "Hiyo pasi yako unaipasha kwa mshumaa?"

Tulicheka. Akakaa kwenye benchi, akavua viatu, akanisimulia habari za mkuu wake wa zamu anayekagua kucha za watu wazima. Nusu saa ilipita kama dakika moja. Alipoinuka kuondoka nikamkumbuka mchungaji.

"Mwanangu, sare sijaikata. Wiki nne nakudanganya."

Kicheko kilimwisha. "Hata kuikata?"

"Hata kuikata."

"Mimi nilidhani unashona kidogokidogo." Alinyoosha mkono. "Nipe kitambaa changu."

Nilimpa. Hakuaga.

Nilibaki na cherehani yangu, mguu juu ya kanyagio, bila kushona chochote. Hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo sala zangu zote zilikuwa zimelizunguka. Nguo ikikamilika, mtu huichukua akaenda zake. Isipokamilika, hurudi. Anarudi kunigombeza, ndiyo, lakini anakaa, anaongea, anacheka. Tangu mama watoto alipofariki, nyumbani kwangu hakuna anayeuliza kama nimeamka. Nilikuwa nimewafunga watu kwa vitambaa vyao wenyewe.

Na juu ya rafu, ndani ya karatasi, kilikuwepo kitambaa cheupe cha gauni la ubatizo la mjukuu wangu. Ubatizo ulikuwa Jumapili hiyo. Kwa miezi miwili binti yangu alinipigia kila Ijumaa kuulizia gauni. Kabla ya hapo alikuwa akipiga mara mbili kwa mwaka.

Mchana simu ikalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, anaota jino. Gauni limefikia wapi?"

Naapa nilikusudia kusema kweli. Mdomo ukanitangulia. "Limekwisha, mama. Bado pasi tu."

"Haya, baba," alisema, akakata.

Nilikishusha kile kitambaa. Nikachukua chaki na utepe. Nilifikiri kwamba nikianza sasa na kushona mpaka kesho jioni, uongo wangu utageuka kuwa kweli na hakuna atakayejua. Nimegeuza mwingi kwa njia hiyo. Lakini kesho yake ningekuwa mtu yuleyule. Nikaweka chaki chini, nikapiga magoti pale kwenye vipande vya nyuzi, na sikupata neno la kusali zaidi ya "Nisaidie." Kisha nikampigia.

"Mama, nimekudanganya. Gauni sijalikata. Sijaligusa kabisa."

Nilimsikia mtoto akilialia.

"Najua, baba. Lingine nilinunua dukani mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita? Sasa kila Ijumaa ulikuwa unauliza nini?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na hoja nzuri, zimepangwa kama vifungo. Nikasema tu, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa naogopa ukishalichukua hutapiga tena."

Aliposema, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hata harusini kwangu ulisema uko njiani, baba. Watu walikuwekea kiti." Akavuta pumzi. "Ibada ni saa tatu. Usiniambie kama utakuja. Tafadhali. Ukija, nitakuona."

Neno lilikuwa tayari limejaa mdomoni: nitakuja, bila shaka, mimi nitakuwa wa kwanza. Lilikuwa tamu. Nililimeza.

"Nimesikia, mama," nilisema, nikasubiri yeye akate kwanza.