Barua Isiyo na Mwenyewe

Chumba namba kumi na tisa kilikuwa mwisho wa ujia, ukishapita vyoo, na kilikuwa na wenyewe watatu. Jumatatu kilikuwa cha Mshauri, mwanamume mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi kwa jirani, aliyeendesha warsha ya wanafunzi wenye mawazo mengi. Jumatano kilikuwa cha karani wa mabweni, aliyekuja kueleza namna ya kuomba kitanda na namna ya kutonyang'anywa. Ijumaa kilikuwa cha mwalimu wa uandishi. Viti vilevile arobaini, ubao uleule wenye ufa, na wanafunzi nusu yao walewale. Lakini hao watatu kila mmoja alipika chungu chake, na hakuna aliyefunua cha mwenziwe kuona kinachochemka.

Mwalimu wa uandishi wanafunzi walimwita Mama Futa, naye alilijua jina hilo na hakulikataa. Alipita kati ya viti na kalamu nyekundu kama mama apitaye shambani na jembe. "Futa. Futa. Hili nalo futa. Msomaji hana haja na machozi yako, ana haja na ushahidi."

Hakuwa na roho mbaya, msimdhanie hivyo. Zamani, yeye mwenyewe akiwa msichana wa chuo, aliandika kazi juu ya njaa akataja na njaa ya kwao. Mwalimu wake akaisoma mbele ya darasa kwa sauti ya kujiliza, wenzake wakacheka hadi kushika mbavu. Siku ile alijiapia kwamba mwanafunzi wake hatachekwa hivyo kamwe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi, wiki ya pili ya muhula, aliingia binti mmoja akakaa kiti cha karibu na mlango. Wenzake walimwita Penseli, kwa wembamba wake, na kwa kuwa hakuandika kwa wino. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kazi yake ya kwanza ilihusu makazi ya wanafunzi, na ilianza hivi: "Mama yangu alipofariki, mimi ndiye niliyebaki na ufunguo wa nyumba." Mama Futa alipiga mstari mwekundu juu ya sentensi yote, na pembeni akaandika: "Habari zako hazihusiki. Ushahidi uko wapi?"

Penseli alipoipokea alisema, "Ahsante, mwalimu," akaiweka kwenye mkoba polepole, kama anayelaza mtoto.

Sasa jueni mapema jambo ambalo Mama Futa hakulijua. Fomu ya bweni ilikuwa na sehemu ya mlezi kuweka saini, na mama aliyekuwa akiiweka alikuwa kaburini. Aliyebaki ni baba mdogo, na baba mdogo alikuwa amesema waziwazi: "Saini yangu huipati. Rudi nyumbani ulee wadogo zako. Hicho kisomo kitakungoja, si mkate kwamba kitaoza." Kwao ni safari ya siku nzima, kwa hiyo kukosa kitanda ni kukosa chuo. Mwenye shida kama hiyo aliruhusiwa njia moja tu: barua kwa kamati ya mabweni. Barua moja, kikao kimoja, basi.

Jumatatu moja Mshauri aliwafungua watu vinywa kwa vitendawili, kama desturi yake, maana mtu aliyecheka huwa karibu na kusema. Zamu ikamfikia Penseli.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba ni yangu, wageni wote wamelala, mimi nimesimama mpaka asubuhi."

"Mlinzi!" akasema mmoja.

"Mlinzi nyumba si yake."

"Punda!"

"Punda wa kwenu ana nyumba?" Watu wakacheka.

Wakahangaika, wakashindwa. "Haya, tukupe mji," akasema Mshauri. "Chukua mji mkubwa kuliko yote, wenye reli na taa."

Penseli akatikisa kichwa. "Mji mzima wa nini, mzee? Nipeni kitanda kimoja tu."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na Mshauri ndiye aliyecheka kuliko wote, hadi akafuta macho. Saa ikawa imefika, wakatoka bila kuambiwa jibu. Katika daftari lake Mshauri aliandika: "Binti wa mlangoni ameanza kuchangamka."

Jumatano ikaja zamu ya karani. Huyo walimwita Bwana Dirisha, kwa kuwa siku nyingine zote alizungumza na watu kupitia kidirisha cha ofisi yake, ukimwona kidevu humwoni paji la uso. Akawaambia, "Wenye kuandika barua, andikeni vizuri. Wale wakubwa ni wasomi, msituletee barua za mapenzi. Mnaye mwalimu wa Ijumaa, muulizeni yeye."

Penseli akamuuliza. Ijumaa hiyo Mama Futa alikuwa mlangoni, makaratasi arobaini kwapani, kikombe mkononi, funguo mdomoni.

"Mwalimu, barua ya kwenda kwa wakubwa nayo huandikwa hivihivi ulivyotufundisha?"

Mama Futa alitoa funguo mdomoni akajibu, "Maandishi ni maandishi, mwanangu." Akaenda zake.

Maneno matatu hayo. Baadaye Mama Futa aliyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Kwa maana Penseli alikuwa amekwisha kuwa mwanafunzi wake bora. Kufikia wiki ya sita karatasi yake ilirudi nyeupe, haina hata doa jekundu, na Mama Futa aliisoma mbele ya wote. "Sikilizeni," alisema. "Mmesikia kilio hapa? Hamkusikia. Huku ndiko kuandika." Penseli aliinamisha uso, na sikio likamwiva kwa furaha.

Orodha ya vitanda ilibandikwa Alhamisi. Ijumaa, Mama Futa alipofika chumba namba kumi na tisa, alikuta godoro limekunjwa na kufungwa kamba, limeegemezwa mlangoni, na juu yake ndoo yenye sahani na viatu.

"Nani kageuza darasa langu stoo?"

"Ni mimi, mwalimu," Penseli akasema. Alikuwa amesimama, wala hakukaa kiti chake. "Naomba radhi. Nimekuja kuaga. Saa sita natakiwa niwe nimeshakabidhi chumba cha muda."

"Kuaga uende wapi? Unarudi lini?"

"Nyumbani. Kurudi sijui. Jina langu halikutoka, na baba mdogo amekataa kuweka saini yake kwenye fomu."

"Hukuandika barua?"

"Niliandika. Nilifuata yote." Akatoa nakala kwenye mkoba, akaishika kwa mikono miwili kumpa, kama ilivyo adabu.

Mama Futa akaisoma palepale wamesimama. Ilikuwa kurasa tatu. Ilieleza uhusiano wa makazi na ufaulu. Ilitaja tafiti tano na waandishi wake. Ilikuwa na jedwali. Ilihitimisha kwamba mwanafunzi aliyefiwa na mlezi yumo katika hatari ya kuacha masomo, na kwamba sera yafaa itazamwe upya. Alama angeipa za juu kabisa. Alipofika chini akarudi juu, akatafuta mstari kwa mstari, kama mtu atafutaye sindano kwenye mkeka. Alimtafuta Penseli. Alimtafuta mama aliyefariki, na baba mdogo, na ile saini. Hawakuwamo. Alikuwamo "mwanafunzi" tu, na huyo hakuwa mtu yeyote.

"Mama yako..." alianza.

"Alifariki kabla ya muhula huu, mwalimu. Niliwahi kuiandika. Ulisema haihusiki."

Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililouma.

Mama Futa aliwaambia wanafunzi wengine wasome peke yao, akamshika binti mkono wakaenda hadi kwenye kidirisha. Kidevu kikatokea.

"Eeh, Mama Futa! Karibu, dada yangu."

"Huyu binti mmemnyima kitanda."

"Jina?" Akatajiwa. Karatasi zikachakurwa huko ndani, kisha sauti ikachangamka. "Aa! Mwenye ile barua! Nikwambie kweli, dada, ilisomwa kikaoni kwa sauti. Mwenyekiti akaomba nakala. Wakasema haijapata kuja barua ya kisomo namna ile. Tumeiweka kwenye faili la maoni."

"Faili la maoni?"

"Maoni ya jumla. Si ushauri wa sera huo?"

"Ni ombi! Anaomba kitanda!"

"Mbona hakusema?"

"Jina lake si lipo chini?"

"Jina lipo, shida haipo." Kidevu kikasogea karibu na kidirisha. "Mwenzake mmoja kaleta nusu ukurasa. Makosa kumi na matatu, nimeyahesabu mwenyewe. Lakini mstari wa kwanza kasema, mimi sina pa kulala. Huyo kapata. Mficha uchi hazai, dada yangu, wahenga hawakukosea."

"Basi mrekebishieni."

"Kitanda chenyewe kimeshatandikwa shuka za mtu. Nimtoe yule nimweke huyu? Kikao kingine ni mwanzo wa muhula ujao. Alete barua, nitaipokea."

Walimkuta Mshauri akipita na chai yake. Akaelezwa, akakiweka kikombe chini. "Alituambia," akasema. "Jumatatu, mbele ya watu wote. Tulimpa mji kwa kitendawili chake, akasema nipeni kitanda. Mimi nikacheka." Lile tumbo lililozoea kuruka kwa kicheko lilitulia kama gunia, akaenda kukaa peke yake ofisini kwake.

Wakarudi kwenye godoro. Mama Futa akasema haraka, kama anayetupa kitu kabla hakijamuunguza, "Njoo ukae kwangu."

Penseli akamtazama. "Ushahidi uko wapi, mwalimu?"

Wote wawili walikaribia kucheka. Kisha Mama Futa aliviona vyumba vyake viwili, wanawe watatu kwenye kitanda kimoja, na mama mkwe mgonjwa aliyelala sebuleni huku miguu imefika mlangoni. Macho yakamshuka hadi kwenye godoro.

"Najua, mwalimu," binti akasema kwa upole. "Ahsante kwa kusema."

"Basi kaa. Kaa hapa uandike barua nyingine sasa hivi, tuipeleke dirishani kabla hujaondoka."

Penseli akakaa kiti chake cha mlangoni, akatoa penseli. Akaandika: "Imeonekana kwamba wanafunzi wengi..." Akasimama. Akafuta. Akaandika: "Kwa mujibu wa..." Akafuta. Karatasi ikaanza kuchanika palepale alipofuta.

"Andika ya kwako," Mama Futa akasema.

"Haiji."

"Ya mama yako. Kama ile ya mwanzo."

"Mwalimu, haiji. Nikianza naisikia sauti yako."

Mama Futa alivuta kiti. "Sema kwa mdomo. Mimi ndiye nitakayeandika." Akapapasa mkoba, kalamu aliyokuwa nayo ni ile moja tu, nyekundu. Akaandika nayo.

Ilikuja kwa shida, kama maji ya bomba lililokaukiwa, kwanza upepo, kisha tone. "Mama yangu amefariki. Alikuwa anaweka saini. Baba mdogo hataki. Nina wadogo wawili. Mama alisema nisome. Mama alisema... alisema nisome. Sina pa kulala. Naomba kitanda." Mama Futa aliandika yote, na palipojirudia akarudia. Palikuwa na mengi ya kurekebishwa. Mkono ulimwasha kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, lakini hakugusa hata nukta. Wanafunzi wengine waliinamia madaftari yao, na hakuna aliyegeuza ukurasa.

Kwenye kidirisha, Bwana Dirisha aliigeuza barua huku na huku. "Ombi kwa wino mwekundu?"

"Ipokee hivyo hivyo."

Akaipokea. Akaigonga muhuri, akaitia kwenye boksi tupu la muhula ujao. Ilikuwa ya kwanza humo, na kikao kilikuwa miezi minne mbele. Baba mdogo hakuwa mtu wa kungoja miezi minne, na wote watatu pale dirishani walilijua hilo.

Mama Futa alishika upande mmoja wa godoro, Penseli upande mwingine, ndoo katikati, wakatembea hadi getini. Basi la kwenda kwao lilikuwa limeshawasha injini. Utingo akalirusha godoro juu, akaifunga ndoo kwa kamba.

"Kile kitendawili," Mama Futa akasema, maana hakujua aseme nini. "Mshauri ameniambia. Jibu lake nini?"

"Mlango, mwalimu." Penseli alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. "Wote wako ndani wamelala, wenyewe umesimama tu."

"Unastahili kupewa mji."

"Nilishapewa mji, mwalimu, nikaomba kitanda." Akatabasamu kidogo, akapanda.

Mama Futa alirudi kwa miguu hadi mwisho wa ujia, akapita vyoo, akaingia chumba namba kumi na tisa. Muda ulikuwa umekwisha na watu wametoka. Kwenye dawati lake waliacha kazi thelathini na tisa zikingoja kalamu. Akaketi, akaivuta ya juu. Ilianza, "Nyumbani kwetu..." Kalamu ikashuka yenyewe kama ilivyozoea, ikasimama juu ya neno la kwanza, na hapo ikakaa muda mrefu, wino wake ukilowesha karatasi mahali pamoja mpaka likatokea doa. Mlango alikuwa ameuacha wazi. Hakuinuka kuufunga.