Habari za Kula

Gasto wa Kinampanda alikuwa mtu wa maneno mengi, na mwaka ule wa uchaguzi, sabini na tano, maneno yake yote yaliishia kwenye kihenge kimoja. Nyumbani kwake kulikuwa na vihenge viwili vya kuhifadhia uwele, vyote vimejaa mpaka juu. Cha kwanza kilikuwa cha kutumia. Cha pili mkewe Damari alikikandika udongo mdomoni kila baada ya mavuno, na asikiguse mtu mpaka mavuno mengine. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, jamani! Wadudu walikuwa wanaanza kula kabla ya mwenye nyumba.

Safari hii Gasto akasema imetosha. Felista, binti yao wa pekee, alikuwa anaolewa Jumamosi, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Iguguno, lori zima.

“Mama Felista, kihenge cha pili kifunguliwe.”

“Hakifunguliwi.”

“Sasa wageni watakula nini? Nyimbo za kwaya?”

“Watakula kilichopo. Kile hakifunguliwi kwa ajili ya harusi.”

“Kwa nini?”

Damari akainamia ungo wake, akaendelea kupepeta. Hiyo “kwa nini” hakuwahi kuijibu hata siku moja. Basi hasira zikampanda Gasto, akatamka mbele ya kaka zake wawili kwamba yeye ameoa mchoyo. Mchoyo! Damari aliweka ungo chini, akachukua daftari lake, akaenda zake kwenye kisomo cha watu wazima.

Kesho yake alasiri Damari alikwenda kisimani, na daftari likabaki juu ya kigoda. Gasto akalitupia jicho. Yeye alikuwa amesoma misheni mpaka darasa la pili, na hilo alihakikisha kila mtu analijua. Juu ya jalada aliona maandishi ya kutetemeka: HABALI ZA KULA.

Gasto akacheka peke yake. Alijua vizuri kazi waliyopewa, maana Chrispin, mwalimu wa kisomo, alimwambia mwenyewe: kwa vile uchaguzi umekaribia, kila mwanakisomo alete habari za kura, kwa kuandika au kuchora. Lakini Chrispin alikuwa kijana wa hapo hapo Iramba, na katika ulimi wake r na l zilikuwa zinaazimana nguo. “Hata kura hajui kuiandika,” Gasto akajisemea. Akafungua alione sanduku la kura la mkewe.

Hakukuta sanduku. Alikuta chungu.

Daftari zima lilikuwa picha, zimechorwa kwa penseli, ukurasa baada ya ukurasa. Picha ya kwanza ilikuwa harusi. Watu wana midomo mikubwa, ngoma zinapigwa, na nyuma yao vihenge vitatu, vyote wazi. Gasto akatabasamu, maana mmoja wa wale walaji alifanana na kaka yake mkubwa.

Picha ya pili, watu saba wamezunguka chungu: baba, mama, watoto watano. Juu yao jua kubwa lenye miale mirefu. Chini ya kila mtoto jina lake. Damari alikuwa wa tatu. Wa mwisho, mwenye kichwa kikubwa, aliandikwa PAULO.

Akafunua tena. Jua lile lile. Chungu kimepungua. Vihenge vitatu ndani yake hamna kitu, na panya amelala chali. Akafunua. Mama anachemsha ngozi ya mbuzi. Akafunua. Baba hayupo, zimebaki nyayo zake zinaelekea pembeni mwa karatasi. Akafunua, na hapo tabasamu lote likamtoka. Majina yalikuwa matano kama mwanzo, lakini watoto walikuwa wanne. Juu ya jina la PAULO hapakuwa na mtu.

Gasto alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Alijua kwamba mkewe alilelewa na shangazi yake huko Kiomboi. Alijua kwamba ndugu zake walifariki zamani. Hayo aliambiwa siku ya posa, akaitikia kwa kichwa, wakaendelea na habari ya ng'ombe. Kumbe yote yalikuwa haya.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na msichana mmoja tu. Amesimama mbele ya kihenge kilichofungwa, ametandaza mikono yake yote miwili, na hakuna mtu pamoja naye.

“Unafanya nini na daftari langu?”

Damari alikuwa mlangoni, ndoo kichwani.

“Natafuta miwani yangu,” akasema Gasto.

“Wewe una miwani tangu lini?”

Gasto akajifuta macho kwa kiganja. “Mama Felista, Chrispin alitaka kura. Kura! Ya kuchagua mbunge. Siyo kula ya chakula.”

Damari akatua ndoo taratibu. “Uuu! Kumbe kura! Na mimi nimeharibu daftari zima!”

“Hujaharibu kitu,” akasema Gasto. “Mimi ndiye niliyeharibu. Nilikuita mchoyo mbele za watu. Nisamehe, mke wangu.”

Damari akasema kwa sauti ndogo, “Mjomba alipooa alitaka harusi kubwa. Tulikula siku nne. Mvua haikuja mwaka ule, wala uliofuata. Paulo alikuwa ananiomba mimi, Baba Felista. Siyo mama. Mimi.”

Gasto akamshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka kuku wakaanza kudonoa ndoo. Halafu, kwa kuwa alikuwa Gasto, hakuweza kunyamaza sana. “Basi tupige kura kweli,” akasema. “Ya siri. Felista! Njoo usimamie uchaguzi!”

Felista akaja anacheka, mikono ina unga. Gasto akachana karatasi mbili nyuma ya daftari. Alama zilikuwa zile ambazo serikali iliwapa wagombea ubunge: anayetaka kihenge kifunguliwe achore jembe, anayetaka kibaki kimefungwa achore nyumba. Kila mmoja akageukia ukuta wake, akachora, akakunja, akatumbukiza kwenye kibuyu.

Felista akakitikisa, akatoa karatasi moja. “Nyumba.” Akatoa ya pili. “Jembe. Haya, wazazi wangu, mmefungana! Kila mtu na ubishi wake kama kawaida.”

Lakini Gasto alikuwa anaziangalia zile karatasi. Nyumba ilikuwa imepinda upande mmoja, paa limeelea hewani, mlango mkubwa kuliko ukuta. Hiyo alichora yeye. Hakuna mwingine Iramba nzima anayechora vibaya namna ile. Jembe lilikuwa zuri, lina mpini na kivuli chake, limechorwa na mkono uliojaza daftari zima.

Akainua macho. Damari naye alikuwa ameiona ile nyumba iliyopinda, na alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka.

“Hiyo ni nyumba au kuku amekanyagwa?” akauliza.

“Ni nyumba. Kibaki kimefungwa. Nitakwenda kwa kaka zangu, kila mmoja aje na debe lake la uwele. Nitawaambia na sababu.”

“Waambie walete,” akasema Damari. Akachukua jembe la kweli ukutani, akatoka nje mpaka kwenye kihenge cha pili, akaugonga udongo wa mdomoni mara moja, ukapasuka. “Na mimi natoa madebe matatu. Matatu, Baba Felista! Ukija kutafuta la nne utanikuta nimesimama hapa.”

“Nitakukuta,” akasema Gasto, “na mimi nitasimama na wewe.”

Akaenda kuchukua debe.