Dakika Tano Baada ya Majina

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi, na mashahidi ninao wengi, maana mji mzima ulinisikia redioni.

Kazi yangu ni kuchekesha watu kwa Ekegusii, kila siku kuanzia saa saba na robo mchana, katika redio moja ndogo iliyo juu ya duka la vitambaa hapa Kisii mjini. Anayenitangulia ni Bonareri, naye husoma matangazo ya vifo. Huku kwetu mtu hajafa sawasawa mpaka redio iseme: jina lake, kijiji chake, mke, watoto, ndugu mmoja mmoja hadi shemeji aliyeko Qatar, halafu siku ya mazishi. Kuna siku ni majina sita, kuna siku ni ishirini. Bonareri akimaliza, linapita tangazo la magodoro, kisha naingia mimi na kicheko changu cha mashine.

Siku hiyo nilichelewa. Nilipanda ngazi nikimalizia hindi la kuchoma, na yale majina nikawa nayasikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani ya nyumba. Nikaketi, nikawasha maikrofoni, nikabonyeza kicheko, nikasema, "Bonareri, leo umesoma kama mtu aliyemeza ugali bila mboga. Changamka, dada. Waliokufa hawafufuki kwa sauti nzito."

Bonareri alivua hedifoni, akazilaza mezani polepole, akatoka.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mong'ina mmoja wa Marani, mama mzee kwa sauti yake. Akauliza, tukiwa hewani, "Wewe momura, kijana wewe, mama yako alikuzaa na masikio?"

"Mawili, mama."

"Basi aliyesomwa wa mwisho ni Jethro, ndugu yake huyo msichana. Amejitaja mwenyewe kati ya waliofiwa. Sisi tumelia hapa jikoni, wewe unacheka."

Muda wangu uliobaki nilipiga muziki tu. Baadaye Edinah wa mapokezi, ambaye ndiye hupokea matangazo hayo kutoka kwa wafiwa, alinieleza yaliyotangulia. Asubuhi Bonareri alikuwa amemwomba meneja wetu, Nyamweya, mambo mawili: amsome ndugu yake mwenyewe, na akishamsoma apewe dakika tano za kutulia kabla yangu. La kwanza alikubaliwa. Dakika tano alinyimwa.

Sasa, mimi dunia imenifunza kwa makofi. Nimepasua mawe Tabaka, nimekuwa utingo wa lori la ndizi Keroka, na usiku niliolala na njaa ni mwingi kuliko ule niliolala nimeshiba. Nikajifunza kwamba ukicheka kwanza, dunia inakosa pa kuanzia. Hata tulipomzika mama niliwatania wachimba kaburi mpaka mmoja akaangusha sepetu. Watu wakasema Ombui ana moyo mgumu, na mimi nikaichukua kama sifa.

Bonareri alirudi Jumatatu baada ya mazishi. Nilikuwa nimeandaa msamaha mrefu wenye vichekesho viwili ndani yake, nikafika mapema. Hakuungoja.

"Keti, Ombui. Na leo usikilize."

Akasoma majina kumi na matatu. Alipomaliza hakuweka magodoro. Aliweka obokano, kile kinanda chetu cha nyuzi nane, mlio mtupu bila maneno. Akazima maikrofoni, akakunja mikono.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Ninakaa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Dakika tano. Kila siku, kuanzia leo. Miaka sita nimewasoma watu. Namaliza huyu naingia kwa huyu, halafu magodoro, halafu wewe. Wa nne leo alikuwa na miaka mitatu, Ombui. Nimemtaja kama mtu anayesoma bei ya kabichi."

Nilikuwa na utani wa kabichi, mzuri sana. Mdomo ulishafunguka. Kilichotoka ni kitu kingine kabisa. Nilimwambia kwamba wakati mama anateremshwa kaburini nilikuwa nikitafuta mzaha wa kumtupia mchimba kaburi, kwa hiyo sikuliona sanduku likigusa chini. Hata rangi yake siikumbuki.

Alisogeza kiti chake karibu na changu, tukakaa.

Nyamweya akatokea upande wa pili wa kioo. Akagonga saa yake kwa kidole. Kisha akaninyooshea kidole hicho mimi, kisha maikrofoni. Nina watoto watatu Nyamira wanaokula kwa sababu mkono wangu husukuma kitufe kimoja. Nikautia mkono huo mfukoni.

Akaingia.

"Ombui, ulipaswa kuwa hewani dakika mbili zilizopita."

"Nimefiwa, meneja."

"Umefiwa na nani?"

"Mama."

"Mama yako si alifariki mwaka juzi?"

"Habari zimenifikia leo."

Akanitazama kama anayepima ni mzaha au la. Hata mimi sikuwa na hakika. Akamgeukia Bonareri.

"Hii ni kazi yako?"

"Ni yangu. Ukitaka kunifuta nifute, lakini kwa sauti ya chini. Obokano bado inalia."

"Mwenye magodoro amelipia nafasi hii."

"Asubiri dakika tano. Godoro halichachi."

"Na wasikilizaji wakihama?"

Edinah alikuwa mlangoni, kalamu sikioni. "Wamepiga watatu, meneja. Wanauliza kama redio imeharibika. Nimewaambia ndiyo kwanza imepona."

"Edinah, rudi mapokezi."

"Nitarudi ikiisha," Edinah akasema, akaegemea mlango.

Nyamweya akavuta pumzi. "Sikilizeni. Kila mtu ana wafu wake. Ukija kazini unakuja na kazi. Nikitoa dakika tano kwa kila chozi, kesho mtaniomba siku nzima."

"Kesho nitachukua dakika tano," Bonareri akasema. "Keshokutwa, tano. Sikuombi tena, niliomba siku ile. Kama hazipo, basi wasome wewe." Akamnyooshea karatasi ya majina.

Nyamweya hakuipokea. Aliirudisha mikono nyuma, kama mtu aliyepewa kaa la moto.

"Mimi," akasema, na sauti ikaanza kupanda, "mwaka ule nilimzika baba yangu Ijumaa. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye kiti changu. Sikuomba hata dakika moja. Sikulia mbele ya mtu. Hakuna hapa aliyejua kama nina msiba."

"Tulijua, Bwana Nyamweya," Bonareri akasema. "Huu ni mwaka wa nne tunafokewa kwa ajili ya huyo mzee."