Nukta Kwenye Slaidi Nyeupe

Bisibisi ya Sifuna ilikwaruza mlango kutoka nje. Ndani, Whitney na mamake walisimama wamekunja mikono kama watu wanaongoja kuitwa kliniki. Chumba chenyewe mabati juu, mabati kando, dirisha hakuna. Jiko la makaa lilikuwa limeshawaka, mafuta ya mandazi yameanza kunung'unika, na moshi, kwa kukosa pa kwenda, ulikuwa umekaa nao kama mgeni asiyeaga.

"Sifuna, harakisha bana!" Whitney aliita. "Huku tunakaushwa kama omena."

"Si mtulie? Kitasa si kinaitwa Tulia?" Mtunza ploti alicheka upande wa pili, kisha kitu kikalia *tak*, na hewa ya Kawangware ikaingia na harufu yake yote.

Haikuwa mara ya kwanza. Kila landilodi akijaribu kufunga milango kwa simu yake, vitasa vingine hufunguka tena vizuri. Cha kwao hukwama. Kwa ndani hakina hata pa kushika. Wa kukichokonoa ni Sifuna, na bisibisi yake, kutoka nje.

Na aliyekileta ni Whitney mwenyewe. Kampuni ya vitasa hivyo, anakofanya kazi, ilipotafuta ploti ya wapangaji kwa majaribio, yeye na kiherehere chake akawapeleka kwao, kule nyuma ya stage ya matatu ya 56. Mamake, Rachael, alikuwa amechoka kuibiwa. Kitasa cha bure, nani angekataa?

Kazi ya Whitney ilikuwa slaidi. Alijifunzia kwenye saiba, duka la kompyuta za kulipia, akitengeneza posta za mazishi, ambako mteja hataki uache hata kidole cha nafasi: weka maua, weka njiwa, weka wajukuu wote. Kwa Munyao, bosi wake, ilikuwa kinyume. Whitney aliandika kwenye slaidi: *Kikikwama, aliye ndani hawezi kutoka.*

"Toa," Munyao alisema.

Akaipunguza, akaishusha chini kabisa, maandishi madogo kama ya dawa.

"Toa, Whitney. Ni uchafu."

"Lakini bosi, kinakwama ukweli."

"Watu hawasomi slaidi. Wanaziskia tu rohoni. Nafasi nyeupe ndiyo inauza."

Akatoa.

Siku ya uzinduzi, ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya friji. Malandilodi walijaa hadi nyuma, wa Ayany, wa Sarang'ombe, wa wapi sijui. Whitney alikuwa anaunganisha laptop alipoona, mstari wa mbele, mtu amevaa fulana nyeupe ya Tulia, sahani ya sambusa mapajani.

"Sifuna! Ploti umeachia nani?"

"Mungu." Sifuna alitafuna. "Mbona macho hivyo? Nimetumiwa gari, msee. Eti nitoe ushuhuda."

"Na mathe?"

"Anapika. Kunanyesha vibaya, amejifungia sababu ya upepo."

Whitney alijituliza. Kwenye jukwaa kulikuwa na mlango wa mbao wa maonyesho. Huo ndio ungefungwa na kufunguliwa. Munyao aliuzunguka, kichwa upande.

"Toa," akasema. Wanaume wawili wakaubeba. "Ni kama duka la fanicha. Tutafunga ploti ya ukweli. Zile nukta zako."

Zilikuwa nukta tu, mstari mmoja katikati ya weupe mtupu, kila nukta chumba kimoja cha ploti yao. Kijani, mlango uko wazi. Nyekundu, umefungwa. Alikuwa amejivunia slaidi hiyo.

"Bosi, mamangu yuko ndani. Na jiko."

"Si ni kwake? Dakika moja tu."

"Ya kwetu inakwama. Nilikwambia."

Munyao alitabasamu, lile tabasamu la kamera. "Na mimi nikakwambia nini?"

Whitney alivuta laptop karibu.

"Nikakwambia nini, Whitney?"

"Nitoe."

"Basi. Kaa kwa laptop."

Alipiga simu ameinama chini ya meza. "Mama, toka nje."

"Nitoke niende wapi na mafuta moto? Mvua huioni huko?"

"Mama, nakuomba, toka saa hii, wanataka—"

Taa zikazimwa. Munyao akapanda jukwaani na mavazi meusi, mkono mmoja mfukoni. Akagusa simu yake mara moja. Nukta zote zikawa nyekundu.

Ukumbi ukapumua kwa pamoja, halafu makofi.

"Na kama mpangaji hajalipa?" mzee mmoja wa kofia aliuliza kutoka gizani.

"Mzee, mlango ni wa nani?"

Kicheko kilienda mpaka nyuma kikarudi. Whitney alikodolea nukta ya tatu kutoka kushoto, ya chumba chao. Hakupepesa macho.

"Sasa tunawafungulia," Munyao alisema, akagusa tena. Kijani. Kijani. Ya tatu ikabaki nyekundu. Zilizofuata zikageuka moja baada ya nyingine hadi mwisho, nzuri kama shanga, na ile moja ikakaa hapo kama jicho bovu.

Sifuna aliacha kutafuna. Simu ya Whitney ilianza kutetemeka juu ya meza. *Mama.*

Munyao alikuja mezani polepole, kama mtu aliyepanga kutembea, akafunika maikrofoni kwa kiganja.

"Toa."

"Bosi, ni mamangu."

"Hiyo nukta. Toa."

Ukumbi mzima ulikuwa unaangalia. Kidole kilibonyeza kabla Whitney hajakiuliza.

Nukta ikapotea. Zilizobaki zikajisogeza zenyewe, kama alivyozipanga, zikaziba pengo. Kijani tupu kwenye weupe. Watu walisimama kupiga makofi, kisha wakaketi. Simu ilizidi kutetemeka, ikisogea kidogo kidogo kuelekea ukingo wa meza.

Sifuna peke yake alibaki amesimama, bisibisi mkononi. Mlinzi wa ukumbi akamshika bega, kwa heshima kabisa.

"Kaa chini, mzee. Unawaziba watu slaidi."