Siku Tatu za Kusubiri Uvimbe

Sokwe wa kwanza alikufa Jumatatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri Placide alikuwa akimshikia Daktari mapafu ya yule mnyama juu ya meza ya zinki. Yalijaa punje nyeupe, kama unga wa muhogo uliosagwa vibaya. Daktari, Mbelgiji mrefu asiyependa maneno mengi, alipasua punje moja kwa ncha ya kisu, akasema ni kifua kikuu.

Ilikuwa mwaka wa 1956, katika kituo cha wanyama kando ya mto Mutambala, karibu na unapoingia ziwani, si mbali na Baraka. Wanyama waliokamatwa katika misitu ya juu ya Fizi waliletwa pale, wakatibiwa, wakazoezwa chakula cha watu, kisha wakapandishwa meli kwenda Albertville, na kutoka huko hadi bustani za wanyama za Ulaya. Placide alikuwa muuguzi wao. Alikuwa Mubembe wa Lweba, mtoto wa mvuvi, mwenye cheti chenye mhuri, na hakuna mtu mweusi mwingine pale aliyeruhusiwa kugusa hadubini.

Daktari hakutafuta chanzo mbali. Masokwe wawili wadogo, yule aliyekufa na mwenzake, walikunywa maziwa mabichi, maana yaliyochemshwa waliyatema. Maziwa yalitoka kwa ng'ombe wanne wa Nsengimana, mchungaji aliyeshuka nao kutoka milima ya Minembwe kwa kazi hiyo. Basi ng'ombe wachomwe sindano ya kipimo shingoni, na baada ya siku tatu Placide apime uvimbe. Ngozi ikivimba, wote wapigwe risasi na kufukiwa kwa chokaa.

Nsengimana alisikiliza hukumu hiyo huku mikono yake imening'inia kwenye fimbo aliyoilaza mabegani. Hakubisha. Aliuliza tu kama atapewa nafasi ya kuwakamua kwanza.

Saa ya joto kali, Daktari alipokwenda kulala, Placide alijifungia maabarani, akakohoa juu ya kipande cha kioo, akakipaka rangi na kukipitisha motoni kama alivyofundishwa, akainamia hadubini. Vijiti vyekundu, vijidudu vya kifua kikuu, vilikuwa pale, vingi, vimelala ovyo kama kuni zilizomwagika njiani.

Alikuwa akikohoa tangu mvua za kwanza, na kila mara alijiambia ni vumbi la majani makavu. Sasa alijua ukweli, na alijua njia ugonjwa uliyopita. Masokwe wale wawili walifika wakiwa hawajui kula. Mama zao waliuawa msituni. Kwao Lweba, mtoto anayekataa chakula hutafuniwa. Placide mwenyewe alitafuniwa hivyo na mama yake alipougua surua, akapona. Basi alitafuna ndizi na kuwatilia kwa midomo yake, na baada ya wiki moja wakanenepa. Adolphine, mpishi wa wanyama, alimcheka mbele ya wafanyakazi wote.

“Papa Placide, umezaa mapacha, na baba yao hatumujui.”

Placide alicheka pamoja nao, tena kwa fahari, kwa kuwa dawa hiyo haikuwemo katika kitabu chochote cha Daktari.

Mfanyakazi yeyote aliyepatikana na kifua kikuu alifukuzwa siku ileile na kupelekwa kambi ya wagonjwa, na wachache walirudi kutoka huko. Lakini kama ng'ombe wangepatikana na hatia, hakuna mtu ambaye angeulizwa kitu. Uvimbe ulipimwa kwa kubana ngozi na koleo ndogo ya chuma, na koleo hiyo ilikuwa mkononi mwake peke yake. Daktari angesoma namba tu.

Siku tatu hizo Nsengimana alilala zizini. Siku ya pili alimfuata Placide kisimani.

“Muganga, we unajua kusoma ngozi. Kama ng'ombe zitakufa uniambie sasa, nianze kuzoea.”

Placide alimjibu kwamba kipimo hakisomwi kabla ya siku yake. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma, maana jibu alilijua tayari.

Alhamisi alipima. Milimita saba, saba, nane, saba, kama siku ya sindano: hakuna uvimbe. Alishika kalamu juu ya karatasi. Kuandika kumi na tano badala ya saba hakuhitaji nguvu yoyote. Hakuwa mwema kuliko wengine. Lakini kalamu ile aliipata kwa miaka minne ya masomo ya jioni, na mkono wake ulikataa. Akaandika alichokiona.

Daktari alisoma, akauliza: kama si ng'ombe, ni nani?

“Ni mimi, Bwana Daktari,” Placide alisema, akaeleza habari ya ndizi.

Daktari alirudi nyuma hatua mbili, akapangusa mikono yake kwa spiriti. Akasema kwamba meli inaondoka Jumamosi, na Kabibi, yule sokwe wa pili, hawezi kusafiri wala kubaki karibu na wengine, basi auawe. Hapakuwa na siku tatu za kumpima. Na kwa sababu Kabibi alimuuma kila mtu isipokuwa muuguzi wake, ni Placide aliyeamriwa kumshika, mwenyewe amefunga kitambaa mdomoni na puani. Kabibi hakuogopa sindano. Alikuwa akivuta kile kitambaa kwa kidole, akitafuta mdomo, mpaka kidole kikalegea.

Walipompasua, Placide alibaki nje. Baada ya muda Daktari alikuja mlangoni, akasema kwamba mapafu yalikuwa safi, akarudi ndani.

Jumamosi Placide aliketi barabarani juu ya sanduku lake, akisubiri lori la kambi ya wagonjwa. Nsengimana akatokea na ng'ombe wake, akirudi milimani, maana pale hapakuwa tena na wa kunywa maziwa. Alisimama mbali.

“Adolphine amenieleza yote. Ng'ombe zangu ziko hai, nashukuru,” alisema. “Lakini siku tatu ulikuwa unajua, na ulikuwa unaniangalia.”

Placide alisogeza sanduku lake kando ili wapite, na kabla ya kukohoa akageuza uso upande wa ziwa.