Darubini Niliyoipitisha

Miaka thelathini natengeneza miwani hapa Gitega, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia mteja "sijui". Huo ndio ugonjwa wangu. Mtu akileta kamera, napokea. Akileta darubini ya kutazamia ndege, napokea. Kioo ni kioo, nilikuwa nikisema, na anayebisha akatafute fundi mwingine.

Jumatano asubuhi aliingia Mukashema, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa kitenge. Nilimjua. Mumewe, Twizeyimana, alikuwa mlinzi wa mashamba kule mashariki, ambako mbogo hutoka mbugani na kuvamia watu. Wiki mbili zilizopita mbogo mmoja alimuua yeye pamoja na mlinzi mwenzake, Nkusi.

"Muzee Ilyasi, banasema bwana wangu arikuwa amerewa," alisema. "Risasi tatu, mbogo iko mbere yake, na akashindwa kuiua. Mama ya Nkusi hanisarimii. Jumamosi iko gukura ikiriyo, tunamaliza matanga, famiye zote mbiri zitakaa pamoja. Niambie sasa: ni mikono yake ao ni hii kitu?"

Akafungua kitenge. Ilikuwa darubini ya bunduki, ya bei rahisi. Twizeyimana aliinunua mwenyewe, kwa hiyo kampuni yake ya ulinzi ilimrudishia mjane pamoja na nguo zake. Ubavuni ilikuwa na kipande cha plasta, na juu ya plasta mwandiko wangu: *Safi. Ilyasi.*

"Arisema wewe uriipima," aliongeza. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Arikuamini sana."

Nilikumbuka vizuri. Mwezi wa tatu nilisimama mlangoni, nikaielekeza darubini kwenye tangi la maji la kilima cha ng'ambo, nikahesabu ngazi zake moja moja. Kioo kilikuwa kama maji ya chemchemi. Nikabandika plasta, nikamwambia Twizeyimana aende zake. Kazi ya dakika mbili.

Ningeweza kurudia vile vile. Ningehesabu ngazi, nimwambie kioo hakina kasoro, na nisingekuwa nimesema uongo. Nakiri kwamba nililifikiria jambo hilo, na nilijionea kinyaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kimeshapita.

Nilifunga duka, tukapanda pikipiki mbili hadi Gisozi, kwa Sangwa, fundi wa kuchomelea vyuma aliyewahi kuwa mwanajeshi. Aliitazama darubini, akaisoma plasta, akanitazama mimi.

"Muzee, kuona tu haitoshi," alisema. "Hata chupa nzuri inaonyesha mbari. Hii kitu kazi yake ni kukaa pare pare bunduki ikisharia."

Aliizungushia kitambaa, akaibana kwenye jiliwa lake zito la kubania vyuma, akachora mstari wa chaki kutoka kwenye darubini hadi kwenye jiliwa. Nilichungulia. Msalaba wa kulengea ulikuwa kwenye ncha ya mlingoti wa paa moja ng'ambo ya bonde, wazi kabisa. Sangwa akagonga kwa nyundo ya mpira, mara tatu. Chaki ilikuwa pale pale, darubini haikusogea hata unywele. Nilichungulia tena, na msalaba ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha ya nyumba ile.

"Sipuringi ya ndani imeregea," Sangwa alisema. "Risasi ya kwanza inakwenda sawa. Kisha msaraba unashuka, na wewe unainua mututu uurudishe kwenye mbogo."

"Kwa hiyo zinapita juu," nilisema.

"Ya kwanza irimupata begani," Mukashema alisema polepole. "Mbiri zirienda juu ya mugongo. Banavijiji bariona."

Alikaa kwenye kiti cha chuma ambacho bado hakijapigwa rangi, akalia, na nilidhani analia kwa kushukuru. Kisha akafuta uso kwa kile kitenge.

"Hii nyundo, ungepiga mwezi wa tatu, ingeonyesha hivi?"

"Ingeonyesha hivi hivi."

"Kwa nini haukupiga?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na yote yalikuwa ya kiufundi.

"Sikujua," nilisema. "Mimi ni fundi wa miwani, mama. Vitu hivi sivijui."

"Neno hiro ungemwambia yeye."

Sangwa aliondoka, akaenda kujishughulisha na chuma kingine. Mukashema aliitoa darubini kwenye jiliwa, akaifunga tena, na ile plasta hakuibandua.

"Jumamosi utakuja kumwambia mama ya Nkusi," alisema. "Wewe, na mudomo yako."

Jumamosi nilikwenda. Nilisimama mbele ya watu wote, Mukashema akanipa darubini, nikaiweka mezani, nikaeleza kuanzia ngazi za tangi hadi nyundo ya mpira. Mama yake Nkusi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akapita mbele yangu, akamkumbatia Mukashema, na wote wawili wakalia kwa sauti.

Mimi hakuna aliyenisalimia.